Bendera ya Nne

Kati ya mwaka 2006 na 2009 wapenzi wa kikapu wa Dar es Salaam tulikuwa na chuo chetu Marekani. Ada hatukulipa, na wengi wetu tusingeweza kuuonyesha Storrs, mji kilipo chuo hicho, kwenye ramani, lakini kijana wetu Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, alikuwa anachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na hilo lilitosha. Tukajifunza kwamba chuo hicho kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo, na kwamba ng'ombe wa maziwa bado wanafugwa humo humo chuoni. Tukajifunza pia jina la mzee aliyekuwa akifoka kando ya uwanja tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho: Jim Calhoun.

Februari 2009, uchumi wa Marekani ukiwa umeporomoka na serikali ya jimbo la Connecticut ikihangaika kuziba pengo la bajeti, mtu mmoja alimuuliza Calhoun swali lisilo la kikapu katika mkutano na waandishi baada ya mechi. Yeye ndiye mtumishi wa jimbo anayelipwa kuliko wote, dola milioni 1.6. Je, hafikirii kurudisha kidogo? Mzee akawaka. Hata senti kumi harudishi, alisema, kwa kuwa timu yake inakiingizia chuo dola milioni 12. Gavana alikerwa. Wiki chache baadaye Thabeet na wenzake wakafika nusu fainali ya taifa kule Detroit, na ikawa funika kombe mwanaharamu apite.

Wakati ule nilikuwa upande wa mzee. Mtu kaikuta timu ya mkoani mwaka 1986, msimu wa kwanza kashinda mechi 9 na kufungwa 19, wakamvumilia, naye akawapa ubingwa wa taifa mwaka 1999 na 2004. Nani mwenye haki ya kumhesabia posho? Siku hizi jibu lake linanisumbua kwa sababu nyingine. Angeweza kutaja vijana aliowalea, au miaka 23 aliyokaa pale. Badala yake alitaja mapato. Na anayejitetea kwa hesabu amekubali kupimwa kwa mizani hiyohiyo, yeye na atakayerithi kiti chake.

Sisi kwa uaminifu tuna neno moja linalobeba mizigo mingi. Muuza duka asiyepunja ni mwaminifu, mke au mume asiyetoka nje ni mwaminifu, na mchezaji asiyehama timu naye tunamwita hivyohivyo. Lakini tuna neno lingine, fadhila, na nadhani ndilo linalohusika hapa. Fadhila ni kile ulichotendewa ambacho mshahara haukukilipia. Haina risiti. Ndiyo maana tunasema fadhila ya punda ni mateke. Tunajua jinsi ilivyo rahisi kuisahau pale ambapo hakuna karatasi ya kuidai. Chuo kinapompa kocha bingwa nyongeza ili asiondoke, huwa kinasema kinathamini uaminifu wake. Sikubishii, lakini hapo fadhila na faida zinakwenda njia moja, na wawili wanaokwenda njia moja huwezi kujua nani anamwongoza mwenzake. Ngoja wafike njia panda.

Calhoun hakuwahi kufikishwa huko. Februari 2011 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilimkuta na hatia ya kutosimamia kanuni za kusajili wachezaji na kikamfungia mechi tatu za msimu uliofuata. Aprili mwaka huohuo akachukua ubingwa wake wa tatu, akiifunga Butler pointi 53 kwa 41. Chuo kikakaa naye mpaka alipostaafu kwa hiari yake Septemba 2012, akiwa na miaka 70. Mchezaji wake wa zamani, Kevin Ollie, akakabidhiwa timu.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, maana habari ya Ollie haisimuliwi sana. Alichezea Connecticut kuanzia 1991 hadi 1995, kisha akaishi miaka 13 katika NBA kama mpangaji, anahama timu hadi timu, hakuna pa kuweka kabati. Aliporudi nyumbani akawa msaidizi wa mwalimu wake. Alipopewa kiti, mkataba wa kwanza ulikuwa wa miezi michache tu, hadi Aprili 2013. Chuo kilitaka kumwonja kwanza. Na timu aliyorithi ilikuwa imefungiwa kushiriki mashindano ya taifa msimu huo kwa sababu ya maendeleo mabaya ya wachezaji darasani, deni la miaka iliyotangulia. Baadhi ya wachezaji waliondoka, na hakuna wa kuwalaumu. Shabazz Napier alibaki. Mwaka uliofuata, Aprili 2014, timu iliyopewa nafasi ya saba tu katika kundi lake iliifunga Kentucky 60 kwa 54 na kuwa bingwa.

Siku zilezile za ubingwa, Napier aliwaambia waandishi kwamba kuna usiku alikuwa akilala na njaa kwa kukosa fedha ya chakula. Kijana aliyekibakia chuo kikiwa kimefungiwa, aliyejaza ukumbi wa watu zaidi ya elfu 70 kule Texas, analala na njaa! Siku chache baadaye NCAA ikaviruhusu vyuo kuwapa wanamichezo chakula bila kikomo. Mambo ya kanuni za chakula nisingeyagusa kama yasingeonyesha kitu: katika mjadala wote wa kocha abaki au aende, anayetoa uaminifu wa bure kabisa mara nyingi ni yule ambaye jina lake halimo kwenye mkataba tunaoujadili.

Kisha mambo yakamharibikia Ollie. Msimu wa 2016 hadi 2017 timu ilishinda 16 ikafungwa 17. Uliofuata, 14 kwa 18. Machi 2018 chuo kikamfukuza, na barua haikutaja vipigo. Ilitaja ukiukaji wa kanuni za NCAA, jambo ambalo kwa maneno ya mkataba lilimaanisha kwamba zaidi ya dola milioni 10 zilizokuwa zimebaki hazilipwi. Niwe mkweli, ukiukaji ulikuwepo. Mwaka 2019 NCAA ilimwekea vikwazo vya miaka mitatu na kusema aliwapotosha wachunguzi, na hilo si doa dogo. Makosa yake na ya mwalimu wake hayalingani nukta kwa nukta. Lakini siwezi kujizuia kuuliza kama barua ile ingeandikwa mwezi Machi wa mwaka ambao timu imeshinda mechi 30. Kosa la mwenye kombe linatafutiwa wakili. La mwenye vipigo linageuzwa kuwa sababu.

Wanaotetea chuo wana hoja, na sitaki kuipita kwa haraka. Hiki ni chuo cha umma. Idara yake ya michezo katika miaka ya karibuni imekuwa ikizibiwa pengo la zaidi ya dola milioni 30 kila mwaka, fedha ambazo zingeweza kwenda maabara au mabwenini. Kumlipa mtu milioni 10 akae nyumbani asifundishe, na wakati huohuo kumlipa mwingine afundishe, ni jambo gumu kumweleza mzazi anayelipa ada. Mimi ningekuwa kwenye meza ile huenda ningekuwa wa kwanza kuuliza kama hakuna mlango mwingine.

Mlango ulioonekana ulikuwa wa mawakili. Kesi ikavutwa karibu miaka minne. Na aliyesimama na Ollie alikuwa nani? Chama cha wahadhiri. Makocha wa chuo kile walikuwa chini ya makubaliano ya chama hicho, na makubaliano hayo yaliweka kiwango cha juu cha kosa kabla mtu hajafukuzwa bila malipo. Januari 2022 msuluhishi akaamua chuo kilikosea na kimlipe dola zaidi ya milioni 11. Baadaye mwaka huo kikaongeza milioni 3.9 kumaliza madai mengine. Sokoni wanaiita rahisi ghali. Kikombe cha 2014 hakikumsaidia mtu huyu, wala jasho la ujana wake. Kilichomsaidia ni vifungu vilivyojadiliwa na walimu wa historia na kemia ambao pengine hawajawahi kukanyaga uwanjani.

Nilimfahamu mwalimu mmoja wa michezo, shule siitaji, aliyefundisha kikapu jioni kwa miaka mingi bila posho. Nyavu alishona mwenyewe. Vikombe vilipoacha kuja, akaletwa kijana mwenye cheti, na labda ilikuwa sawa, maana mzee alikuwa amechoka. Ila ufunguo wa stoo ya mipira walimtuma mwanafunzi wa kidato cha pili akauchukue. Alifika darasani mwa mwalimu, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo mwalimu, nimetumwa ufunguo." Mwalimu akautoa kwenye kamba shingoni. Miaka imepita, na mimi sikumbuki kama kijana yule mwenye cheti aliwahi kushinda kitu. Ufunguo naukumbuka.

Alipoondoka Ollie, Connecticut ilimchukua Dan Hurley. Msimu wake wa kwanza: mechi 16 kashinda, 17 kafungwa. Tarakimu zilezile kabisa za Ollie wa miaka miwili nyuma, lakini kwa mgeni zilisomwa kama mwanzo. Sisi tuliozoea kuona kocha wa Kariakoo akifungasha virago kabla hajalizoea joto tunaweza kuona hilo kuwa ni subira kubwa. Na ililipa: ubingwa wa 2023, ubingwa wa 2024. Juni 2024 Los Angeles Lakers wakabisha hodi, wakiwa na mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 70 kwa miaka sita. Hurley akakataa. Mwezi uliofuata chuo kikampa milioni 50 kwa miaka sita.

Watu waligawanyika. Wapo waliosema huo ndio uaminifu, kaacha milioni 20 mezani. Wapo waliosema kacheza karata vizuri, kawatumia Lakers kama dalali wa nyumba asiyeinunua. Mimi nadhani mtu anaweza kuwa na sababu mbili, na ya pili haimfanyi mwongo katika ya kwanza. Lakini ukitaka kujua neno kubaki linamaanisha nini katika nyumba ile, mtazame baba yake. Bob Hurley alikuwa ofisa wa kusimamia wahalifu walio nje ya gereza, na wakati huohuo alifundisha kikapu shule ndogo ya Kikatoliki ya St. Anthony, Jersey City, tangu mwaka 1972. Alichukua ubingwa wa jimbo la New Jersey mara 28. Shule haikuwa hata na ukumbi wake wa mazoezi. Kila mwaka mzee alizunguka kuomba michango ili milango isifungwe. Mwaka 2010 akaingizwa kwenye jumba la heshima la kikapu, jambo la nadra kwa kocha wa sekondari. Na mwaka 2017, pamoja na yote hayo, fedha zikaisha na shule ikafungwa.

Nimeigeuzageuza habari hiyo nikitafuta inamuunga mkono nani. Mfanyabiashara ataniambia: unaona, moyo peke yake haulipi bili. Na atakuwa na haki. Lakini miaka ile 45 vijana wa mitaa migumu walipita mikononi mwa mtu mmoja, na ukiiweka kwenye daftari la mapato sijui ungeiandika safu gani. Huenda mwana alikataa milioni 70 kwa sababu alikulia mahali ambapo swali la kwanza halikuwa bei. Huenda pia alimwona baba akizunguka na bakuli, akaapa kwamba yeye atabaki mahali, ndiyo, lakini penye fedha. Milioni 50 zinaeleza vyote viwili.

Siku hizi wanaolalamika zaidi kuhusu uaminifu wanawalalamikia wachezaji. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila adhabu ya kukaa nje msimu mzima, na anaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina lake. Tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kumlipa. Kila majira ya kuchipua mamia kwa mamia wanahama, na makocha wanasikitika kwamba vijana hawana tena subira. Kwa miongo mingi kocha aliweza kuaga Jumapili na Jumatatu akavaa koti la chuo kingine, wakati kijana aliyemfuata akitaka kuhama anakaa nje mwaka. Sijui hao vijana walitarajiwa kujifunza kutoka kwa nani.

Thabeet aliondoka mwaka 2009, akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry, Mtanzania wa kwanza katika ligi ile. Calhoun alikuwa bado ana ubingwa mmoja mbele yake. Ukumbi wa Gampel pale Storrs sasa una bendera sita za ubingwa wa wanaume: tatu za Calhoun, mbili za Hurley, na kati yao moja imeandikwa 2014. Wachezaji wa sasa wanapotoka kupasha misuli, inaning'inia juu yao sawasawa na zingine, kitambaa kilekile, ukubwa uleule. Hakuna aliyewahi kutaka kuishusha.