Kibali na Utu

Wahenga wetu walinena: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Je, mgeni aliyekwisha kulishika jembe hupoteza haki zake kwa kukosa kibali?

Novemba 1969 Ghana iliwapa wageni wasio na vibali majuma mawili. Wanigeria wengi wakaondolewa. Januari 1983 Nigeria nayo ikatoa majuma mawili, na Waghana wapatao milioni moja wakafungasha virago, wengine wakiacha mali yao nyuma. Taifa lililofukuza likafukuziwa wana wake.

Hatukatai kwamba kila dola ina mipaka na sheria. Lakini sheria humtoa mtu katika nchi, haimtoi katika utu. Jasho haliulizwi kibali: aliyelitoa alipwe ujira wake, asipigwe wala kudhalilishwa, ndipo aonyeshwe njia.