Kuacha Kazi ya Uchuuzi na Kutafuta Iliyo Bora

Masomo: Luka 3:12-14, 1 Wakorintho 7:20-24



Wako vijana wa sharika zetu, tangu Dongobesh na Haydom hata Basotu na Katesh, waliomaliza masomo yao wakapata kazi ya kuyauzia makampuni mali. Huenda mnada hata mnada, mmoja akiuza mbegu na dawa za mimea, mwingine laini za simu, mwingine bima, na mwingine akiwaandikisha watu mikopo. Kila mwezi huwekewa kiwango cha mauzo. Akikifikia hupewa mshahara na kamisheni. Asipokifikia hupewa maneno. Wengi wao hawana raha, nao huwajia wazee wa usharika wakiuliza: Je, Mkristo aweza kuiacha kazi aliyopewa na Mungu kwa kuwa moyo wake haumo, akatafuta mahali palipo bora? Au ndiyo manung'uniko ya Israeli jangwani?

Swali hili si dogo. Nyuma ya kijana yule yuko mama yake, iko ada ya shule ya mdogo wake, na wako ng'ombe waliouzwa ili yeye asome. Akiiacha kazi pasipo kupata nyingine, hatalala njaa peke yake. Basi tusimjibu upesi, wala tusimjibu kwa mithali.

Kwanza yatupasa kusema neno ambalo wengine katika kanisa hawalipendi, ya kwamba uchuuzi wenyewe si dhambi. Lidia wa Thiatira alikuwa mwuza rangi ya zambarau. Bwana alimfungua moyo, wala hatusomi popote ya kuwa aliifunga biashara yake. Twasoma tu kwamba nyumba yake iliwapokea mitume (Matendo 16). Na sisi watu wa Mbulu tunayo sababu yetu wenyewe ya kulikumbuka jambo hili. Wamisionari wa Norwei waliofanya kazi kwetu katika miaka ya 1950, ambao hospitali yao ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955, walitoka katika uamsho ulioanzia kwa mkulima mmoja, Hans Nielsen Hauge. Tarehe 5 Aprili 1796, akiwa analima shamba la baba yake, Mungu alimgusa. Akaanza kuizunguka nchi yote ya Norwei kwa miguu, akihubiri na huku akifuma soksi na glovu njiani, asije akala chakula cha bure. Tena akawa mfanya biashara. Mwaka 1801 alipata haki ya kufanya biashara katika mji wa Bergen, naye akawafundisha wafuasi wake kujenga viwanda na kuuza bidhaa kwa haki. Iliyomtia gerezani mwaka 1804 ilikuwa hasa sheria ya mwaka 1741, iliyowakataza watu kukusanyika kusikia Neno pasipo mchungaji. Lakini mwaka 1809, nchi ilipokosa chumvi kwa sababu merikebu za Waingereza ziliziba njia ya bahari, wakuu wale wale walimtoa kwa muda ili ajenge viwanda vya kupikia chumvi ya bahari. Walipotaka chumvi walimkumbuka, na kazi ilipokwisha wakamrudisha kifungoni! Basi asiwepo mtu wa kutuambia ya kuwa mtu wa sokoni hawezi kuwa mtu wa Mungu.

Sasa na tumwangalie Yohana Mbatizaji. Watoza ushuru walimjia wabatizwe, wakamwuliza wafanye nini. Watu wote waliokuwapo pale walikuwa wakingoja awaambie waiache kazi ile iliyochukiwa. Yeye hakusema hivyo. Aliwaambia wasitoze kupita kiasi kilichoamriwa. Askari nao aliwakataza kudhulumu, akawaagiza watosheke na mshahara wao. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo kijana hana budi kujiuliza ni hili: Je, kazi yangu yaweza kufanywa pasipo udhalimu? Ikiwa yaweza, na mimi mwenyewe ndimi niliyeongeza udhalimu ndani yake, basi toba yangu ni kuisafisha, na kuondoka peke yake hakutanisafisha.

Lakini ziko kazi ambazo udhalimu umewekwa ndani yake kama chachu katika unga. Katekisimo Ndogo, aliyoiandika Martin Luther mwaka 1529 na ambayo sote tulifundishwa kabla ya Kipaimara, yaieleza amri ya saba kwa namna isiyompa mchuuzi mahali pa kujificha. Haisemi tu ya kuwa tusichukue fedha ya jirani. Yatukataza pia kuipata kwa bidhaa mbovu na biashara ya hila, nayo yatuagiza kumsaidia jirani apate kuitunza na kuiongeza mali yake. Miaka 5 kabla yake, katika maandiko yake juu ya biashara na riba ya mwaka 1524, Luther aliwashambulia wafanya biashara waliojiwekea kanuni ya kuuza kwa bei ya juu kadiri wawezavyo. Alitaka mtu auze kwa bei ya haki, kwa kuwa yule anunuaye ni jirani yake.

Kipimo hiki na tukilete kwetu. Mkulima wa nyanda za juu za Mbulu, kwenye baridi na ukungu, aletewa mbegu ya mahindi iliyotengenezwa kwa nchi ya joto. Mchuuzi ajua ya kuwa itachelewa kukomaa huko juu, lakini mwezi waisha na kiwango chake hakijatimia. Au mjane wa Hanang, mwenye ekari chache za alizeti na mbaazi, aandikishwa mkopo wa wiki kwa wiki, naye hana mapato ya wiki kwa wiki, maana shamba huvunwa mara moja kwa mwaka. Mwenye kumwandikisha ajua hayo. Mikopo ya namna hii watu wenyewe wameipa jina, huiita kausha damu, nasi hatuna jina lililo bora kuliko hilo. Kijana aliyewekwa hapo, naye akakosa usingizi, asiambiwe ya kuwa ni mvivu au ya kuwa hana shukrani. Dhamiri yake ingali hai, na kukosa raha kwake ni rehema ya Mungu.

Tena usingojee kupata kazi nyingine ndipo uache kusema uongo. Kuondoka kwaweza kungoja miezi, kwa ajili ya mama na ada ya shule. Ukweli haungojei. Mwambie mkulima leo kwamba mbegu hii haifai huko kwake. Pengine utafukuzwa kwa ajili ya neno hilo, na hapo swali lako litakuwa limejibiwa na wengine.

Yuko kijana wa namna ya pili, naye tumwambie vingine. Mali anayoiuza ni njema na mwajiri wake ni mwaminifu, ila yeye amechoka na vumbi la njia ya Haydom, na kusimama juani, na kuambiwa "kesho" na watu mia. Huyu hatendi dhambi akitamani kazi nyingine. Mtume Paulo amwambia kila mtu akae katika wito alioitiwa, kisha papo hapo asema juu ya mtumwa ya kwamba akiweza kupata uhuru, heri autumie. Wako wafasiri wanaoyaelewa maneno hayo ya mwisho vingine, lakini wengi huyaelewa hivi, nasi twafuatana nao. Wito ni wa Mungu. Cheo ni nguo tu, na nguo hubadilishwa. Lakini achunguze: akipewa meza ofisini na kivuli, je, uchovu utakwisha, au atauchukua pamoja naye mjini Babati?

Na hapo twafika kwenye neno hili, "bora". Wengi husema kazi bora wakiwa na maana ya mshahara mkubwa na mahali pasipotikisika. Mahali pasipotikisika hapapo duniani. Watu wa Katesh wayajua hayo kuliko sisi: asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, siku ya kwanza ya Majilio, tope na mawe ya Mlima Hanang yalishuka juu ya nyumba na maduka, na watu zaidi ya 80 wakafa. Kazi iliyo bora ni ile ambayo jirani aondoka akiwa amefaidiwa, nawe waweza kumtazama usoni mtakapokutana tena. Huenda ikawa na mshahara mdogo zaidi. Mtu aliyejifunza uchuuzi aweza kuwa mwandishi wa hesabu katika chama cha ushirika, au akakusanya vitunguu saumu vya wakulima wa Mbulu na kuwatafutia soko la haki. Ujuzi wake hautapotea. Mathayo aliacha forodha, naye ndiye aliyetuandikia Injili, kama kanisa lilivyopokea tangu kale.

Kuondoka nako kuna utaratibu wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka mtu alipwaye kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, naye mwajiri ampe hati ya utumishi wake. Mkristo asitoroke usiku na mali ya kampuni. Arudishe bidhaa zilizosalia, afunge hesabu, wala asiibe daftari la wateja ili amfurahishe bwana mpya. Na ikiwa alimwuzia mtu kwa hila, amwendee. Zakayo hakuambiwa aiache kazi yake, lakini aliahidi kurudisha mara nne, tena alisema hivyo mbele ya watu. Kwa mshahara wa siku hizi huenda mara nne ikamshinda kijana. Basi aanze na mara moja.

Neno letu la mwisho ni kwenu, wazee wa sharika. Kijana akirudi nyumbani kutoka kazi ya namna hiyo, mikono mitupu, msimwulize mlangoni mwa kanisa ni nani aliyemfukuza. Mmekwisha kuzipokea sadaka zake alipokuwa akivaa shati lenye jina la kampuni, wala hamkumwuliza zilitoka wapi. Mpeni mahali pa kukaa, mwulizeni ana deni kwa nani, na kama linaweza kulipwa kwa magunia ya mahindi, basi liandikwe katika ajenda ya mkutano ujao wa wazee.