Pilipili Usiyoila

Kuna methali moja ambayo sisi vijana wa mjini tumeigeuza kufuli. Mwanamke anapigwa usiku nyumba ya tatu, mitaa ya Ngamiani hapa Tanga, watu wanajigeuza upande wa pili kitandani. Asubuhi ukiuliza, unajibiwa: "Pilipili usiyoila yakuwashia nini?" Basi, maneno yamekwisha.

Ndugu msomaji, hebu tuanze na pilipili yenyewe. Mwaka 1997 kundi la mtafiti David Julius, huko Marekani, lilitangaza kukigundua kipokezi cha mishipa ya fahamu kinachoamshwa na ukali wa pilipili. Ajabu ni kwamba kipokezi hichohicho huamshwa na joto linalozidi nyuzi 43 hivi. Ubongo unapata habari ileile: moto! Mwaka 2021 Julius alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua vipokezi vya mguso.

Sasa angalia. Vipokezi vyote, vya ulimi, vya ngozi, vya jicho na vya sikio, vinakutumikia wewe peke yako. Hakuna mshipa unaotoka mgongoni kwa jirani ukaja kuingia kichwani mwako. Je, sayansi imeipa methali ushindi?

Twende baharini kwanza. Kwa miaka mingi pwani yetu ilisumbuliwa na uvuvi wa baruti, ingawa sheria inaukataza. Aliye chomboni anasikia mshindo, anaona maji yanaruka na samaki wanaelea. Huko chini, ambako sauti huenda mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, mambo ni mengine kabisa. Vibofu vya hewa vya samaki vinapasuka, wengine wanazama bila kuokotwa, matumbawe yanavunjika. Mpigaji hakuwashwa na kitu. Mnunuzi sokoni naye alikula akashiba, ulimi wake haukumwambia neno. Atakayewashwa ni mtoto atakayetupa ndoana palepale baadaye na kuivuta tupu. Pilipili wameila wawili, imemuwasha wa tatu! Methali yetu haikumfikiria huyu.

Najua mtu atasema: dunia ina maumivu mengi, ukiyabeba yote utapata wazimu. Ni kweli. Na methali ina haki yake, maana inamkanya mmbeya. Lakini kuchungulia ya watu kwa kutafuta utamu ni jambo moja, na kumwacha mtu aumizwe huku unasikia ni jambo jingine.

Hilo neno "kusikia" nalo tulitazame. Mswahili husikia sauti, husikia harufu, husikia baridi, njaa na maumivu. Kitenzi kimoja kinabeba kazi ya vipokezi chungu nzima. Tena kina maana zaidi. Ndani ya sikio moja mna seli za kupokea sauti zipatazo 15,000, ambazo kwa binadamu zikifa hazioti tena. Unaweza kuwa nazo zote nzima, na bado mama akakuita mtoto asiyesikia. Mama anajua kwamba sauti imefika. Anachosema ni kwamba hujafanya kitu. Kumbe kwetu kusikia huanzia sikioni na kumalizikia mikononi na miguuni.

Kwa hiyo waliojigeuza kitandani kule Ngamiani hawakusikia, hata kama masikio yao yalikuwa mazima.

Na sisi tunaojifunza kuandika tuna kazi hapo. Maumivu ya mwenzio hayana kipokezi mwilini mwako, yana mlango mmoja tu: akuambie, nawe umwamini. Kabla hujaandika hadithi ya mvuvi au ya mke anayepigwa, nenda ukaulize. Kaa, sikiliza mpaka mwisho. Halafu, akikuomba msaada, kalamu uiweke chini kwanza.