Waliosukuma Troli

Desemba ikikaribia, Eldoret huanza kuteremka Pwani. Shule zimefungwa, mahindi yamevunwa na mengine yangali ghalani yakingoja bei, na baada ya ibada utasikia waumini wakiulizana kama ni heri basi la usiku moja kwa moja au waunganishe na treni ya SGR pale Nairobi. Swali linalofuata halibadiliki: tukifika Mombasa, twende wapi ambako hakuna msongamano? Mtu amesukumana mwaka mzima kwenye stendi ya matatu, amepanga foleni benki na hospitalini. Akipata wiki moja ya likizo, hataki kuona umati tena. Simlaumu.

Kwa wanaotaka kuuona Mji wa Kale kwa utulivu, ushauri wangu ni mwepesi. Amkeni mapema, mfike Ndia Kuu kabla jua halijawa kali na kabla makundi ya watalii hayajatoka Fort Jesus na kujaa vichochoroni. Mkiwa huko, jueni kwamba mji huo uliwahi kuwa na reli zake za mitaani. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala sehemu hizi iliagiza reli nyepesi, upana wake futi 2 tu, kwa nia ya kuzifikisha hadi Ziwa Viktoria. Ilitandaza maili chache, mambo yakakwama. Reli ya kweli, ya upana wa mita moja, ilianza kujengwa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Zile ndogo hazikutupwa. Zilitandazwa mjini Mombasa, toka Mji wa Kale hadi Kilindini, na juu yake vikapita vigari vilivyoitwa troli.

Troli haikuwa na injini wala mnyama wa kuivuta. Ilisukumwa na watu. Kwenye picha za enzi hizo utaona magurudumu manne madogo, benchi la kutosha watu wawili, paa la kukinga jua, na abiria mwenye kofia pana akiitazama kamera. Nyuma yake wamesimama vijana wawili, mikono yao imeshika kiti, miguu mitupu. Wakubwa wa serikali walikuwa na troli zao wenyewe na wasukumaji wao. Ulikuwa usafiri wa raha: hukanyagi vumbi, hugongani bega na mchukuzi, mji mzima unaupita umekaa kivulini. Magari yalipoongezeka katika miaka ya 1920, troli zikaondolewa. Chini ya picha hizo nimesoma majina ya mitaa. Majina ya wasukumaji sijawahi kuyakuta.

Unguja nako kulikuwa na treni ndogo, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1905, ikitoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu, maili 7 hivi. Hiyo walipanda wenyeji na mizigo yao, ila wageni walioshuka melini waliwekewa behewa lao la daraja la kwanza, wakayaone mashamba bila kubanana na mtu.

Sasa tufungue Marko, sura ya 6. Mitume wamerudi kutoka safari ya kuhubiri. Wamechoka, na watu wanaingia na kutoka hata nafasi ya kula hawana. Bwana anawaambia waende faraghani, mahali pasipo watu, wakapumzike kidogo. Wazo la kuukimbia umati, basi, lilitoka kwake mwenyewe. Nasema hivi kwa sababu kuna wahubiri wanaoigeuza sura hii kuwa fimbo ya kuwachapa waliochoka, kana kwamba kupumzika ni uvivu. Yesu aliona njaa na usingizi machoni pa wenzake, akatafuta mashua.

Lakini Ziwa la Galilaya si kubwa, urefu wake kilomita 21 tu. Mashua ikienda polepole, aliye ufuoni huiona vizuri. Watu wakaitambua, wakakimbia kwa miguu kutoka miji yote, wakatangulia kufika. Hebu mfikirie Petro, amekaa chomboni akiota samaki wa kuchoma na usingizi wa mchana, kisha anainua macho na kuuona ufuo umejaa vichwa. Sidhani alifurahi. Yesu aliposhuka aliwahurumia, kwa kuwa aliwaona kama kondoo wasio na mchungaji, akaanza kuwafundisha mambo mengi.

Jioni wanafunzi wakapendekeza umati uagwe ukajitafutie chakula vijijini. Pendekezo la busara, na ndani yake naona uchovu mwingi. Bwana akawaambia wawape wao. Mnajua habari ya mikate mitano na samaki wawili. Tunaposoma, wengi wetu tunaishia kwenye vile vikapu 12 vya mabaki, na mistari inayofuata hatuiangalii: Yesu anawalazimisha wanafunzi kupanda mashua watangulie, anauaga umati yeye mwenyewe, halafu anapanda mlimani peke yake kusali. Faragha aliyoitafuta asubuhi aliipata usiku. Hakuiacha. Wenye njaa walikula kwanza, na kazi ya kuwaaga hakumwachia mtu mwingine.

Kukwepa umati si hamu yetu peke yetu. Huko Ureno, nchi ya wale walioanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, jiji la Lisbon lina tramu za kale za rangi ya njano, ndogo, zinazopanda vilima kwa kujipindapinda katikati ya nyumba. Namba 28 ndiyo inayosifiwa kuliko zote. Watalii hushauriana namna ya kukwepana: panda alfajiri, au anzia mwisho wa upande wa Campo de Ourique, si pale Martim Moniz penye foleni. Ushauri mzuri. Ila tramu hiyo ni usafiri wa watu wa mtaani pia, na wenyeji wamelalamika kwamba imejaa wageni hadi wao wanakosa nafasi. Mgeni anaweza kuchagua saa. Bibi anayerudi sokoni na mfuko wake, na nyumba yake iko juu kilimani, atachagua saa ipi?

Kwetu Eldoret tramu haijawahi kuwepo. Reli ilitufikia mwaka 1924, ikipanda kupitia baridi ya Timboroa, juu ya futi 9,000, na miaka 100 baadaye, Agosti 15, 2024, tukapewa hati ya jiji. Troli, hata hivyo, tunazo. Wiki ya mapumziko ya familia moja ina mikono inayoisukuma. Kuna mlinzi atakayebaki getini Krismasi nzima. Kuna yaya, ambaye mara nyingi husafirishwa pamoja na watoto, na akifika Nyali kazi yake haipungui hata kidogo: anaamka na mtoto, anafua nguo zenye mchanga, anakaa chini ya mnazi akilinda viatu vya watu wanaoogelea. Kwenye picha za likizo hayumo, kwa sababu ndiye aliyeshika simu.

Wiki hii nimezungumza na wanandoa vijana wa jumuiya yetu wanaosafiri na watoto wawili na yaya wao. Wamejipanga vizuri, hata saa ya kwenda ufuoni wameichagua ili wasikute watu. Nikawauliza yaya naye atapumzika lini. Mke akamtazama mumewe. Mume akafikiri, kisha akasema sawa, watampa siku moja nzima, azunguke Mji wa Kale, apande feri ya Likoni akitaka, na kiingilio cha Fort Jesus watamlipia. Akanyamaza kidogo.

“Lakini mchungaji, siku hiyo watoto watabaki na nani?”

“Na wewe, baba yao.”