Msiseme Yatang'oka Tu

Wajukuu zangu mnaolea hapa Dodoma, kaeni niwaambie. Sisi tulikosea katika vinywa vya watoto wetu, na sasa naona nanyi mnakosea kwa namna yenu.

Kosa letu liliitwa meno ya plastiki. Wengine walisema meno ya nailoni. Lilivuma sana miaka ya 1980. Mtoto mchanga akiharisha na kuchemka mwili, tulimfunua kinywa, tukaona uvimbe mweupe kwenye fizi panapoota chonge, tukasema hilo ndilo linalomuua. Mwanangu wa pili nilimpeleka mwenyewe kwa mganga. Alimpasua fizi kwa kisu kidogo, akachokoa kitu laini cheupe, akanionyesha kiganjani, nami nikashukuru. Kumbe lile lilikuwa jino lake halali, bado changa. Kuhara kule kulikuwa ugonjwa wa tumbo, uliohitaji maji safi yaliyotiwa chumvi na sukari kwa kipimo. Mwanangu alipona. Leo ni mtu mzima, na pale penye chonge pana pengo. Watoto wa wenzetu wengine walivuja damu, au kidonda kikaingia sumu, wakazikwa. Akitokea wa kukushauri jambo hili, mkatalie, hata akiwa mama mkwe wako.

Nyinyi mmekwenda upande wa pili. Mnaona jino la mtoto limeoza, mnasema: ni la utoto, litang'oka tu.

Tangu zamani tulisema jino limeliwa na mdudu. Hatukuwa mbali na ukweli. Yupo, ila haonekani kwa macho. Mwaka 1924 mtafiti wa Uingereza, J. Kilian Clarke, alimpata katika meno yaliyooza, akamwita Streptococcus mutans. Mtoto hazaliwi naye. Humpata kwetu, kwa mate: tunapoonja uji kisha tukamlisha kwa kijiko kile kile, tunapomtafunia nyama tukamtilia mdomoni. Nami niliwatafunia wanangu wote, huku nina gego bovu, nikidhani nawapa mapenzi matupu. Kwa hiyo wewe uliye mjamzito, tibu meno yako sasa, kabla mtoto hajaja.

Mdudu huyo hukaa kwenye ukoga, hula sukari, na hutoa tindikali inayoyeyusha gamba la jino. Kila sukari inapoingia kinywani, jino huliwa kwa nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi, mpaka mate yaishinde tindikali ile. Hapa ndipo wengi hamjaelewa. Kiasi cha sukari kina ubaya wake, lakini angalieni sana ni mara ngapi inaingia. Mtoto anayekunywa chai yake na chapati akamaliza, mate yanapata nafasi ya kufanya kazi. Yule mwenye kifuko cha ubuyu wa rangi, anayemumunya punje moja moja tangu saa nne hadi saa nane, kinywa chake hakipumziki hata kidogo. Na ubuyu ni tunda letu! Sisi tuliukoroga kwenye uji wa uwele, hapakuwa na sukari. Huu wa vifuko umepikwa kwa sukari hadi unanata menoni. Kibaya kuliko vyote ni chupa ya usiku yenye juisi au maziwa ya sukari, kwa sababu mtu akilala mate hupungua. Ndiyo maana mnaona watoto wa miaka miwili meno ya mbele ya juu yamebaki visiki.

Yatang'oka, ni kweli. Lakini magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12. Lililotoboka mtoto akiwa na miaka 3 lina miaka saba ya kumuuma. Hatakula vizuri, hatalala, hatasikia mwalimu anasema nini. Usaha ukishuka mzizini unaweza kuharibu jino la ukubwani linaloumbika chini yake. Likiondoka mapema, jirani zake husogea, na linalokuja huota kombo. Tena mjue kwamba gego la kwanza la kudumu huota karibu na miaka 6, nyuma ya mengine yote, bila lolote kung'oka. Wazazi hulidhania la utoto, wakalipuuza likaoza.

Msiyachanganye haya na meno ya kahawia ya baadhi ya ndugu zetu wa Singida. Yale ni floraidi iliyozidi katika maji ya visima wakati meno yalipokuwa yakiumbwa. Ikiwa kidogo huimarisha jino, ndiyo maana imo katika dawa ya meno. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, dawa kiasi cha punje ya mchele inatosha. Kuanzia hapo hadi 6, punje ya njegere. Mpige mswaki wewe mwenyewe, asubuhi na kabla ya kulala, tangu jino la kwanza lichomoze.

Usiku wa leo mpakate mtoto wako penye mwanga, uinue mdomo wake wa juu. Ukiona mstari mweupe kama chokaa kando ya fizi, jino limeanza kuyeyuka, lakini halijatoboka na bado laweza kuokolewa. Ukiona kahawia au tundu, usingoje alie. Kesho asubuhi mpeleke kwa daktari wa kinywa na meno.