NI NANI ALIYEMFUNGULIA BARABA?

Rafiki kijana, usiitupe karatasi hii. Ni dakika tano tu. Sikuulizi unakunywa nini wala jana ulilala wapi. Nataka kukuuliza jambo moja: siku bomu lilipolipuka, wewe ulisema nini?

Maana sote tulisema! Kwenye matatu, kwa kinyozi, pale steji. "Wafukuzwe wote!" "Mahakama ya nini? Wapigwe risasi!" "Hawa watu tunawajua." Hawa watu! Ukisikia neno hilo likitajwa kwa hasira, jua kuna mtu asiye na hatia ambaye karibu ataumia.

Turudi nyuma kidogo. Ijumaa, Agosti 7, 1998, asubuhi, balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa karibu wakati mmoja. Nairobi walikufa watu 213, karibu wote Wakenya: makarani, wanafunzi wa uhazili, wapita njia. Dar es Salaam wakafa 11. Wako waliosikia mlio wa kwanza wakakimbilia dirishani kuchungulia, na vioo vikawakuta hapo hapo. Wakapofuka.

Watu wakakasirika, na ni nani asiyekasirika? Siku 13 baadaye, Agosti 20, Marekani ikarusha makombora. Mengine yalianguka kwenye kambi huko Afghanistan, mengine kwenye kiwanda cha dawa mjini Khartoum, Sudan. Ilisemwa kwamba pale panatengenezwa kemikali za sumu ya vita. Ushahidi huo ulipingwa mara moja na unapingwa mpaka leo. Mlinzi mmoja akafa, na kiwanda cha vidonge vya wagonjwa kikawa vifusi. Na Osama bin Laden aliyetafutwa? Hakuguswa! Aliishi karibu miaka 13 zaidi, hadi Mei 2011.

Sasa soma Marko sura ya 15. Baraba hakuwa mwizi wa kuku, jamani. Alifungwa pamoja na waasi waliomwaga damu mjini. Pilato alijua kabisa Yesu hana kosa. Lakini nje kuna umati, na umati unapiga kelele, na yeye anataka kuuridhisha. Basi mwenye damu mikononi akafunguliwa, asiye na kosa akapelekwa kusulubiwa. Hayo ndiyo maoni ya watu yakikaa kwenye kiti cha hakimu! Sio Pilato peke yake aliyemfungulia Baraba. Waliomfungulia ni wale waliokuwa wakipaza sauti, watu wa kawaida kama mimi na wewe.

Nami sijitoi. Mwaka 2014 mabomu yalikuwa yakilipuka Nairobi na Mombasa. Serikali ikaingia Eastleigh na kukamata watu wapatao 4,000, wengi wao Wasomali, na wengi wakawekwa kwenye uwanja wa Kasarani. Akina mama na watoto! Mtaani tulipiga makofi. Wiki hizo nilikuwa kwenye matatu, akapanda mama mmoja wa Kisomali, amejifunika, ana mfuko mkubwa. Abiria wawili wakashuka. Mimi nikahamia kiti cha nyuma, na Biblia mkononi! Yule mama akafungua mfuko, akatoa chupa ya maziwa, akamnyonyesha mtoto wake. Hakusema kitu. Nilishuka kabla ya steji yangu kwa aibu.

Je, Kasarani ilituletea usalama? Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa umri wako. Na mmoja wa wauaji alikuwa nani? Mtoto wa chifu! Kijana aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake mwenyewe alikuwa amewaambia wakuu wa usalama kwamba mwanawe ametoweka. Huyu baba naye tumweke wapi, kwenye "hawa watu"?

Desemba mwaka huo huo wauaji walisimamisha basi kule Mandera, wakataka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu wakakataa. Mwalimu mmoja Mwislamu aliyewatetea alipigwa risasi, akafa Januari 2016. Mimi nilihama kiti. Yeye alikaa.

Utaniuliza, "Mhubiri, kwa hiyo serikali ikae tu?" Hapana! Warumi 13 inasema serikali imepewa upanga, na si wa urembo. Lakini upanga unamtafuta mwenye kosa, haumtafuti mwenye sura fulani. Wanaume wanne walishitakiwa New York kwa mabomu yale ya 1998. Ilichukua miezi, shahidi baada ya shahidi, na waliojeruhiwa Nairobi wakasimama kutoa habari. Hukumu ikasomwa Oktoba 2001, wiki chache baada ya yale majengo marefu ya mji huo huo kuangushwa na maelfu kufa. Fikiria hasira iliyokuwa barabarani! Wale wanne wakapewa kifungo cha maisha. Hakuna jirani yao aliyefungwa kwa niaba yao.

Kijana, anayetega bomu anataka kitu kimoja kutoka kwako: umchukie mtu asiyehusika, ili kesho huyo naye akuchukie. Ukipiga kelele na umati, umemfanyia kazi yake bure.

Rudi pale Yerusalemu. Siku ile misalaba ilikuwa mitatu, na Baraba akatoka gerezani akitembea kwa miguu yake. Yesu alikufa, yeye akaenda zake. Nilipoielewa habari hiyo, niliacha kumtafuta Baraba mtaani. Nilimkuta ndani yangu.

Je, liko jina la mtu au la kabila linalokukaza kifua ukilisikia? Litaje sasa, hapo ulipo. Mwambie: Bwana Yesu, nilisimama na wale waliopiga kelele. Ulikufa mahali pangu. Nitoe hasira hii, nifanye mpya.

Jioni hii watumishi watakuwa mbele ya jukwaa. Njoo hivyo hivyo ulivyo, hata na nguo za kazi.