Kumpenda Mwimbaji Bila Kujua Lugha Yake

Katika harusi moja hapa Bugarama, Rwanda, mshereheshaji aliukata wimbo wa Franco, yule mwanamuziki wa Kongo, pale hasa sebene, sehemu ya magitaa ya kuchezea, ilipokuwa inaanza, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba tusicheze tusichokielewa. Wazee waliokwisha kusimama wakarudi vitini. Hasira ile haijanitoka.

Kupenda ni kukitambua kilicho chema na kutaka kuwa karibu nacho, tusigombane hapo. Wapo wasemao kwamba katika nyimbo za zamani tunapenda ujana wetu tu, na kwa wengine huenda ni kweli. Ila hoja ya mshereheshaji inanikera kwa sababu inajifanya busara: hujui Kilingala, basi Franco humpendi, unapenda kelele.

Bugarama ni tambarare ya mpunga. Kamanyola ya Kongo iko ng'ambo ya mto Rusizi, Burundi ng'ambo ya mto Ruhwa. Nani hapa aliyesubiri kujifunza lugha ndipo afungue redio? "Mario" ya mwaka 1985 niliipenda miaka mingi kabla dereva mmoja wa lori kutoka Uvira hajanieleza kwamba inamsema kijana anayelelewa na mwanamke mwenye fedha. Maelezo yake yaliniongezea kitu, sikatai. Lakini upendo aliukuta. Nilikwisha kumsikia Franco akilalamika bila kuomba huruma, akilirudia jambo hadi aibu ya anayesemwa inamfikia msikilizaji. Huko si kuelewa?

Tena Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978, aliimba Kiswahili ninachokifuata neno kwa neno. Maneno yangekuwa ndiyo kipimo, Remmy angemshinda Franco moyoni mwangu. Hajamshinda. Na wanaoelewa kila neno la nyimbo za msimu huu, mbona wanazisahau kabla ya mavuno?

Vitabuni husemwa kwamba mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimgundua mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1952, mjini Jadotville, leo Likasi. Alimkuta mtaani na gitaa lake, na watu wa Katanga walikwisha kumsikiliza. Ningeweza kuandika usiku kucha juu ya mkono ule wa kulia: gumba likishika besi, kidole cha shahada kikiuchezea wimbo juu, viwili tu, na unaapa wanapiga watu wawili. Wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wamehangaika kuuiga. Wengi wao hawajui Kiswahili alichokiimba, hata cha salamu, na sijasikia aliyewazimia muziki kwa sababu hiyo.

Hoja nzito mshereheshaji hakuitaja: nchini mwetu wimbo umewahi kubeba chuki, na asiyejua maneno aweza kuucheza. Simon Bikindi, mwanamuziki aliyeimba nyimbo za aina hiyo, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa mjini Arusha mwaka 2008 kifungo cha miaka 15 kwa kuchochea kwa kipaza sauti mauaji ya Watutsi mwaka 1994. Lakini waliomshangilia Bikindi walimwelewa vizuri, kwa Kinyarwanda chao wenyewe. Hapo ninakwama. Kama kuelewa hakukuwazuia wao, na kutoelewa hakunikingi mimi, sikio langu lilijuaje kwamba Franco anastahili kupendwa, kabla dereva yule hajafungua kinywa? Ninaamini lilijua. Kuthibitisha siwezi.